Gitaa la Umeme la Bei ya Kati: Namna ya Kulikagua Kabla ya Kutoa Pesa

Ukishapiga gitaa miaka miwili au mitatu, lile la kwanza linaanza kukuchosha. Kodi ya F (ya muziki, si ya nyumba) haikutishi tena, unavuta uzi na noti inafika unapotaka, na unaweza kushika rithim ya wimbo mzima bila kuangalia vidole. Ila kila ukimaliza wimbo tuni imeshahama, na kule juu ya shingo baadhi ya noti zinakufa kabla hujaziachia. Hapo ndipo mtu huanza kutafuta gitaa la bei ya kati, na hapo ndipo wengi hupotea, mimi nikiwa mmoja wao.

Nililipenda gitaa moja jekundu kwa rangi yake. Muuzaji alilichomeka kwenye amplifaya kubwa, akaweka distosheni (sauti iliyochafuliwa makusudi) na mwangwi, nikapiga dakika kumi nikiwa nimekaa, nikalipa. Nyumbani, kwenye amplifaya yangu ndogo na sauti safi, nikavuta uzi wa pili kwenye freti ya 15 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo): noti ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Fundi aliweka kadi juu ya freti, ikachezacheza, akasema mti wa shingo umeinuka mwishoni. Halikuwa suala la kukaza skurubu.

Tangu hapo kila kasoro ninayoikuta naiuliza jambo moja: inaondoka kwa alenki na bisibisi, au imo ndani ya mti? Magitaa mengi ya bei ya kati hutoka kiwandani yakiwa na kasoro za aina ya kwanza, na hizo zisikufukuze. Za aina ya pili ndizo za kukimbia, hata kama gitaa linalia vizuri siku hiyo.

Vitu vya kubeba

Chukua rula ya chuma yenye milimita, kadi ngumu ya plastiki, vipande vitatu vya karatasi ya kawaida ya kuchapia, simu yenye tochi na programu ya kutuni, na kebo yako mwenyewe. Kama una amplifaya ndogo inayobebeka, ibebe pia. Kuna wauzaji watakaokutazama kwa jicho la pembeni ukitoa rula, waache watazame.

Uwe pia umeamua unataka shingo ya urefu gani. Magitaa ya mtindo wa Stratocaster na Telecaster huwa na urefu wa uzi wa milimita 648 kutoka nati hadi daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi mwilini. Ya mtindo wa Les Paul yana takriban 628, na mengi ya kampuni ya PRS yako katikati, 635. Tofauti ya sentimita mbili inaonekana ndogo, lakini vidole vinaijua: kwa nyuzi za unene uleule, shingo ndefu hukaza nyuzi zaidi, na ile fupi inakuwa laini kuvuta. Mwenye mkono mdogo au anayependa solo za kuvutavuta mara nyingi hufurahia fupi. Anayepiga rithim kali na kutaka kila uzi usikike peke yake hupenda ndefu. Jaribu zote mbili kabla hujaanza kubishana kuhusu majina ya kampuni.

Na hilo neno nati: simaanishi ile ya bolti. Ni kile kipande chembamba chenye mifereji sita kinachotenganisha kichwa na shingo, mara nyingi cheupe au cheusi. Kidogo hivyo, lakini kina makosa mengi kuliko sehemu zote za gitaa la bei ya kati, na tutakirudia.

Kwanza, bila umeme

Usilichomeke. Kaa mahali pa kimya kadiri inavyowezekana, litunishe, piga kodi ya E ya wazi na uache nyuzi zilie mpaka ziishe. Kisha pita kila uzi, kila freti, polepole, noti moja moja. Ni kazi ya dakika tano na inachosha, lakini hakuna kipimo kinachoizidi. Unasikiliza mambo mawili: mkwaruzo wa uzi unaogonga freti, na noti zinazokufa upesi kuliko jirani zake. Kwenye magitaa mengi yenye shingo ya skurubu (iliyofungwa mwilini kwa skurubu, si gundi) utakuta noti moja dhaifu kidogo uzi wa tatu, kati ya freti ya 5 na ya 7. Hilo ni la kawaida, ndivyo mti unavyotetemeka. Ukikuta noti tatu au nne za namna hiyo, weka gitaa chini.

Mkwaruzo mdogo unaosikika bila umeme tu na kupotea kwenye amplifaya haunisumbui. Mkwaruzo unaokata noti unanisumbua.

Shingo

Hapa tumia muda wako mwingi. Pikapu (vile vinasa sauti vyenye sumaku chini ya nyuzi) zinabadilishwa, vigingi vya kutuni vinabadilishwa, lakini ukinunua shingo mbaya umenunua gitaa baya.

Inua gitaa kama mtu anayelenga bunduki, jicho likiwa upande wa daraja, uangalie shingo kuelekea kichwani. Fuata ukingo wa upande wa uzi mnene, kisha wa upande wa uzi mwembamba. Kingo zote mbili ziwe na mkunjo uleule mdogo. Ukiona upande mmoja umenyooka na mwingine umepinda, shingo imejisokota kama nguo inayokamuliwa, na fimbo ya chuma iliyomo ndani yake haiwezi kuinyoosha, kwa sababu kazi yake ni kupinga mvuto wa nyuzi, mbele na nyuma tu. Usokotaji huo haurekebishiki kwa bei inayofaa.

Sasa pima mkunjo wenyewe. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya 1 kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia ubonyeze tena pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kama robo ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo karatasi mbili zipite na ya tatu ianze kuinua uzi. Mwenye filageji (vile vibamba vya chuma vya kupimia nafasi) ya ufundi wa magari atapima kwa uhakika zaidi.

Nafasi ikiwa kubwa mno au haipo kabisa, bado si sababu ya kukataa. Muombe muuzaji azungushe fimbo ya shingo kwa alenki, robo mzunguko, usiifanye wewe mwenyewe kabla ya kulipa. Unachotaka kuona ni kwamba fimbo inafanya kazi: shingo inaitikia, na nati ya fimbo (hii sasa ndiyo ya bolti) haijakazwa mpaka mwisho. Gitaa ambalo fimbo yake imekwisha kukazwa na shingo bado imepinda, liache. Muuzaji akikataa kuigusa, weka hilo akilini unapofanya hesabu.

Kisha mwisho wa shingo, kuanzia freti ya 14 kwenda juu. Huko ndiko gitaa langu jekundu lilikoniumiza. Ubao wa vidole unaweza kuinuka pale unapopita juu ya mwili, na fimbo haifiki huko. Ukitazama kwa jicho moja utaona shingo imenyooka halafu inapanda mwishoni. Thibitisha kwa kuvuta: uzi wa kwanza na wa pili, freti ya 12 hadi ya 17, vuta mpaka noti ipande toni nzima na ushikilie. Noti iendelee kulia.

Tahadhari moja ya haki: ubao wenye mviringo mkali, kama ule wa nusu kipenyo cha milimita 184 wa Stratocaster za zamani, hukata noti kwa urahisi zaidi ukivuta nyuzi zikiwa chini sana. Pandisha nyuzi kidogo kabla ya kuhukumu. Ubao wa milimita 241 husamehe zaidi, na wa 305 zaidi ya hapo.

Freti

Pitisha kiganja kando ya shingo, pande zote mbili, kuanzia kichwani hadi mwilini. Kama ncha za freti zinakukwaruza, mti umekauka na kunywea huku chuma kikibaki palepale. Fundi anazisugua kwa tupa kwa muda mfupi. Inakera, lakini haiui gitaa.

Freti zilizoinuka ni kesi nyingine. Simamisha kadi ngumu kwa ukingo wake juu ya freti tatu zinazofuatana, katikati ya nyuzi mbili. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, freti ya kati iko juu. Sogea freti moja, rudia, mpaka mwisho. Huko juu freti zinapobanana, tumia upande mfupi wa kadi ili isiguse freti ya nne. Freti moja iliyoinuka hugongwa au kusuguliwa. Sita zilizotawanyika maana yake shingo nzima isawazishwe, na gharama hiyo iingie kwenye bei mnayoelewana.

Utaambiwa pia kuhusu freti za chuma kisichopata kutu. Ni kweli zinadumu na kuvuta uzi juu yake ni kama kuteleza. Zile za kawaida huitwa za fedha ya nikeli, ingawa hazina fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku chuma ni faida halisi. Kwa wengine, freti za kawaida zilizosawazishwa vizuri zinazidi za chuma zilizopigwa ovyo.

Nati, vigingi na kuhama kwa tuni

Watu hulaumu vigingi gitaa likishindwa kukaa kwenye tuni. Mara nyingi mkosaji ni nati. Zungusha kigingi cha uzi wa tatu polepole huku sikio likiwa karibu. Ukisikia "tik!" na noti ikaruka badala ya kupanda taratibu, uzi umekwama kwenye mfereji. Sasa fanya jaribio la kweli: litunishe, vuta uzi huo wa tatu toni nzima mara kumi, kisha uangalie tena programu. Nyuzi zikiwa mpya kabisa zitashuka kwa sababu bado zinanyooka, kwa hiyo uzivute kwa mkono na kutuni tena kabla ya kuhukumu. Zikiwa zimeshatulia na uzi bado unahama, mfereji ni mwembamba au una kona. Unga wa penseli ndani ya mfereji hutibu visa vyepesi, na nati mpya hutibu vilivyobaki.

Kimo cha mifereji hupimwa hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na uangalie freti ya 1. Kuwe na nafasi ndogo sana, mwanga wa tochi upite kwa shida, na ukigonga uzi pale kwa ncha ya kidole usikie kamlio. Hakuna nafasi kabisa? Uzi wa wazi utakwaruza. Nafasi ni kubwa? Basi kodi ya F itakuumiza, na noti za freti mbili za kwanza zitakuwa juu ya tuni hata gitaa likituniwa vipi. Nimeona wapigaji wazuri wakijilaumu mikono kwa miaka kwa sababu ya nusu milimita ya plastiki.

Vigingi vyenyewe: vizungushe, vishike, visicheze mkononi. Inatosha.

Daraja

Pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi. Mahali pazuri pa kuanzia ni milimita 2 kwa uzi wa sita na 1.5 kwa wa kwanza. Kimo hiki hubadilika kwa alenki au bisibisi, kwa hiyo namba peke yake haisemi mengi. Swali linalosema mengi ni hili: vitandiko, yaani vile vipande vidogo vinavyobeba nyuzi darajani, vimebakiwa na nafasi kiasi gani ya kushuka? Kama vimelala chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo ni mbaya. Shingo ya skurubu inaweza kufunguliwa na kuwekewa kipande chembamba chini yake. Shingo iliyogundishwa haina dawa rahisi, na gitaa hilo mimi silichukui.

Baada ya hapo linganisha hamoniki ya freti ya 12 (mlio wa uzi ulioguswa tu bila kubonyezwa) na noti iliyobonyezwa pale pale, kwa programu ya kutuni. Zilingane. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, kitandiko kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Unahakikisha tu kwamba skurubu inazunguka na kuna nafasi iliyobaki. Nyuzi kuukuu hudanganya sana kwenye kipimo hiki, kwa hiyo omba mpya.

Daraja likiwa na mkono wa kutetemesha, sukuma chini mara tano, achia, angalia tuni. Magitaa ya bei ya kati yenye mfumo wa kufunga nyuzi wa Floyd Rose hunipa wasiwasi: chuma laini kwenye ncha za kuegemea huliwa upesi, na kubadilisha unene wa nyuzi ni kazi ya jioni nzima. Kama huutumii mkono huo kwenye nyimbo zako, chukua daraja lisilosogea na utalala usingizi.

Sasa lichomeke

Amplifaya iwe kwenye sauti safi, besi na treble katikati, mwangwi umezimwa. Utapiga distosheni baadaye, kwa dakika mbili.

Gonga kila pikapu kwa upole na ncha ya bisibisi ndogo huku swichi ikiwa imeelekezwa kwenye pikapu hiyo. Usikie "to!" kutoka kila koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya pikapu. Pikapu ya koili mbili ina safu mbili, gusa zote. Upande mmoja ukiwa bubu, koili imekufa au imezimwa na swichi. Pikapu hizo za koili mbili zilibuniwa na Seth Lover huko kampuni ya magitaa ya Gibson katikati ya miaka ya 1950, kwa shida moja: kuua muungurumo unaotoka kwenye umeme wa majumbani. Pikapu ya koili moja itaunguruma kidogo, ndiyo asili yake. Kwenye gitaa la mtindo wa Stratocaster la siku hizi, sogeza swichi nafasi ya pili na ya nne: kwa kawaida muungurumo hupungua sana, kwa sababu koili ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Usipopungua, uliza kwa nini.

Shika nyuzi kwa kiganja. Muungurumo ukipungua, waya wa ardhi uko sawa. Ukiongezeka, kuna waya umekatika au jeki imeunganishwa kinyume. Ni kazi ndogo ya kulehemu, lakini ifanywe kabla hujalipa.

Zungusha vitufe vya sauti na toni polepole. Mkwaruzo ni vumbi, dawa ya kusafishia viunganishi huuondoa. Cha kuzingatia zaidi ni jinsi sauti inavyoshuka: kitufe cha sauti kikiwa 10, 9, 8 bila badiliko lolote halafu kinazama ghafla, hutaweza kupunguza distosheni kwa kidole katikati ya wimbo. Vitufe vipya ni bei ndogo.

Usihukumu sauti ya pikapu kabla ya kuangalia kimo chake. Bonyeza freti ya mwisho na upime kutoka uzi hadi pikapu. Milimita 2 hadi 3 ni kawaida. Pikapu ya koili moja iliyosogezwa karibu mno huvuta uzi kwa sumaku yake, na noti za juu zinalia kama ziko mbili zisizoelewana. Nimesikia mtu akitukana pikapu nzuri kwa kosa la mizunguko mitatu ya skurubu.

Mwili

Sina mengi. Simama na mkanda begani, achia mikono: kichwa kisizame sakafuni. Uzito wa kilo 3 na nusu hubebeka onyesho zima. Ukipita kilo 4, mgongo utahesabu. Ule mchoro wa mawimbi ya mti usoni mwa gitaa la bei ya kati kwa kawaida ni utando mwembamba uliobandikwa, wakati mwingine ni picha tu. Unapendeza, lakini hausikiki. Ubao wa vidole wa rozwudi, ndugu wa mpingo, unazidi kuachiwa nafasi na miti mingine tangu jamii yake yote iwekewe masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 2017. Masharti hayo yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika mwaka 2019, lakini viwanda vingi vilikuwa vimeshahama. Usikatae gitaa kwa sababu ubao wake una jina geni.

Kama limetumika

Ongeza mambo mawili. Angalia mifereji kwenye freti tatu za kwanza, chini ya nyuzi nyembamba. Mikwaruzo si kitu. Mabonde yanayoukamata uzi unapouvuta yanamaanisha freti mpya, na kazi hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya bei ya gitaa lenyewe. Halafu mulika tochi nyuma ya nati, hasa magitaa yenye kichwa kilichoinama nyuma. Ufa mwembamba wa rangi unaozunguka shingo pale ni dalili kwamba kichwa kiliwahi kuvunjika. Kikiwa kimegundishwa vizuri hudumu, lakini bei ishuke, na ishuke sana.

Kuamua

Andika kasoro zote kwenye simu, kisha zigawe. Mkunjo wa shingo, kimo cha nyuzi, vitandiko, kimo cha pikapu: hizo ni saa moja ya fundi, zisikubabaishe. Nati, vitufe, swichi, vigingi, freti za kusawazisha: jumlisha gharama zake, uziongeze kwenye bei, halafu ulinganishe na gitaa la pili kwenye orodha yako. Shingo iliyosokota, iliyoinuka mwishoni, fimbo iliyokwisha, pembe mbaya kwenye shingo ya gundi: rudisha gitaa ukutani, shukuru, ondoka.

Kama yamo mawili ya aina ileile, omba yote mawili. Magitaa yaliyotoka kiwanda kimoja wiki moja hutofautiana kuliko unavyodhani, na namba zilizoandikwa kwenye kisanduku hazitakwambia lipi ni lipi.

Ukishalinunua, liache nyumbani wiki mbili likiwa na nyuzi za unene unaoupenda, limekazwa tuni muda wote, maana shingo huzoea hewa mpya na mvuto mpya. Ndipo uchukue zile karatasi zako, ubonyeze freti ya 1, uanze kupima tena.